Rundo Lililorithi Kupita Kiasi

Lugha ya Java ilipotoka mwaka 1996, ndani ya maktaba yake mlikuwa na klasi iitwayo Stack. Kazi yake ni kutunza data kama rundo la sahani: kilichowekwa mwisho ndicho kitakachotolewa kwanza, na cha katikati hakichomolewi. Lakini walioiunda waliifanya mtoto wa Vector, klasi ya orodha inayoruhusu kusoma, kuingiza na kufuta mahali popote. Mtoto akarithi vyote. Hadi leo, mtumiaji wa Stack anaweza kuita methodi ya Vector na kupenyeza kitu katikati ya rundo, na hakuna kitakachomzuia. Kanuni iliyofanya klasi hiyo iwepo haina mlinzi.

Sababu ya uamuzi huo inaeleweka. Vector tayari ilijua kuhifadhi vitu na kujipanua inapojaa, kwa hiyo kurithi kuliokoa kazi. Hapo ndipo waandishi wengi wa programu wanaponaswa. Tunarithi kwa kuwa msimbo wa mzazi unatufaa, kumbe tumetoa ahadi kubwa zaidi: kwamba popote anapotarajiwa mzazi, mtoto anaweza kusimama badala yake bila kuharibu kitu. Mwanasayansi wa kompyuta Barbara Liskov alilifafanua sharti hilo mwaka 1987. Stack hailitimizi ila kwa kuivunja kanuni yake yenyewe.

Njia ya pili ni utungaji. Stack ingebeba orodha ndani yake, ikaificha, kisha ikaonyesha nje methodi chache tu: kuweka, kutoa, kutazama cha juu. Kazi ingefanywa na orodha ileile, ila mtumiaji asingeifikia. Erich Gamma na wenzake watatu walishauri utungaji upewe kipaumbele katika kitabu chao cha 1994, miaka miwili kabla ya Stack hiyo kutoka.

Hatari nyingine ya kurithi haionekani kwa macho, nami naiona kubwa kuliko ya kwanza. Mwandishi wa programu Joshua Bloch aliionyesha mwaka 2001 kwa mfano mfupi. Chukua HashSet, klasi ya Java inayotunza vitu bila kuvirudia, uirithi, uongeze kihesabio cha vitu vinavyoingizwa. Unabadilisha add, methodi ya kuingiza kitu kimoja, ihesabu kimoja, na addAll, ya kuingiza vingi, ihesabu vyote kwa mkupuo. Ingiza vitu 3 kwa addAll: kihesabio kinasema 6. Msimbo wako hauna kasoro unapousoma peke yake. Tatizo ni kwamba addAll ya mzazi, kwa ndani, huita add kwa kila kitu, na add inayoitwa ni ile uliyoibadilisha wewe. Ukiirekebisha kwa kuondoa addAll yako, utapata 3, lakini sasa unategemea siri ya ndani ya mzazi, ambayo toleo lijalo linaweza kuibadilisha bila kukuarifu. Ukitumia utungaji, HashSet iliyo ndani yako ikijiita yenyewe, haipiti kwako. Hesabu inabaki 3.

Sisemi urithi uachwe. AbstractList, ya Java hiyohiyo, ilitengenezwa ili irithiwe: kwa orodha ya kusomwa tu unaandika get na size, mengine unayapata, na nyaraka zake zinaeleza methodi ipi inategemea ipi. Mzazi aliyejiandaa hivyo anarithika. Asiyejiandaa, hata kama msimbo wake ni mzuri, mbebe ndani.

Kero ya utungaji ni kuandika methodi nyingi ambazo kazi yake ni kupitisha maombi tu. Kotlin, iliyofikia toleo 1.0 mwaka 2016, imeipunguza: neno by linamwachia kompaila kuziandika. Tena klasi zake za kawaida hazirithiki mpaka mwandishi aziruhusu kwa neno open. Naona huo ni mpangilio sahihi. Java haiwezi kuirekebisha Stack bila kuvunja programu zinazoitegemea, kwa hiyo nyaraka zake huelekeza watu kwenye kiolesura cha Deque, chenye methodi za rundo. Mwaka 2006 iliongezwa ArrayDeque, inayoitekeleza Deque bila kumrithi Vector.