HISA NA SOKO LAKE

Baadhi ya wanachama wametuuliza: hisa ni kitu gani, na je, yafaa mtu kutia humo fedha za karafuu? Twajibu kwa kifupi. Kisa chenyewe kinaanzia kwenye viungo.

Mwaka 1602 Waholanzi waliunda kampuni ya kuleta karafuu, kungumanga na pilipili manga kutoka visiwa vya Mashariki ya mbali. Safari ilikuwa ndefu, na merikebu nyingine hazikurudi. Basi watu wote wa nchi yao wakakaribishwa kutoa fedha, matajiri na watumishi wa nyumbani, kila mmoja akaandikwa daftarini kwa kiasi alichotia. Fungu hilo ndilo hisa. Faida ikipatikana, kila mwenye fungu hupewa gawio. Mwaka 1610 wenye hisa waligawiwa basbasi!

Lakini kampuni hairudishi fedha ulizotia. Mwenye shida huuza fungu lake kwa mwingine. Wauzaji na wanunuzi walikutana Amsterdam, na hapo ndipo soko la hisa lilipoanza. Soko la Dar es Salaam lilifungua biashara mwaka 1998, na huko mtu hununua kwa mkono wa dalali mwenye leseni.

Iko pia hatifungani. Hiyo ni deni: waikopesha serikali au kampuni kwa muda maalumu, nayo hukulipa na riba juu yake. Mwenye kuchelea riba aulize habari za sukuku, na awaulize wanavyuoni.

Bei ya hisa ni kama ya karafuu: wanunuzi wakizidi hupanda, wauzaji wakizidi hushuka. Na kampuni ikifilisika, fungu lako laweza kupotea lote. Ile ya Waholanzi, pamoja na nguvu zake zote, ilikwisha mwaka 1799.

Tena tusisahau: ili bei isishuke, kampuni hiyo iling'oa mikarafuu ya wakulima wa Maluku, ambako ndiko asili ya mti wetu. Waliopokea gawio Amsterdam hawakuiona ikianguka. Kwa hiyo kabla ya kununua, tuulize faida ni kiasi gani, na pia yatoka wapi.

Shauri letu ni hili: fedha za skuli, za palizi na za wachumaji zisiguswe, kwani mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Itiwe ile ziada ambayo mtu aweza kukaa nayo mbali kwa miaka. Mwenye swali na afike afisini, tutazungumza.

Katibu