Mlinzi wa Zizi Hulelewa Angali Mchanga

Kila alalaye Bura, karibu na mto Tana, amezoea kilio cha fisi. Husikika kwanza mbali, upande wa nyika, kisha karibu na maboma ya miiba walimo mbuzi. Hapo mwenye mifugo hutega sikio apate kujua neno moja tu: je, mbwa wake anabweka, au amekimbia?

Siku moja alinijia mzee mmoja mfugaji, amechukua kikapu mkononi. Alikuwa amesikia kwamba mbwa wangu jike amezaa watoto sita nyuma ya ghala.

“Karani,” akasema, “fisi amenichukulia mbuzi wawili kwa usiku mmoja. Nipe mtoto mmoja leo.”

Nikampeleka akawaone. Walikuwa na umri wa siku tano, macho yamefumba. Nikamwambia, “Mzee, huyu ukimchukua leo atakufa. Subiri majuma manane.”

Hakupendezwa. Akanieleza kwamba zamani alichukua mtoto mchanga kama hao, akafa siku ya pili. Mwingine alimpata akiwa mkubwa, aliyekulia jalalani karibu na machinjio, naye akala mwana-mbuzi mchana kweupe. “Basi mbwa wote ni hasara,” akasema. Makala haya ni jibu langu kwa mzee yule, na kwa wote wenye mawazo kama yake: hasara haitokani na mbwa, bali na malezi ya majuma yake ya kwanza.

Najua kwamba kwa ndugu zetu Waislamu, ambao ndio wengi katika Garissa, mate ya mbwa ni najisi, na chombo alichokiramba huoshwa mara saba, moja yake kwa udongo. Lakini mafundisho hayo hayo yameruhusu mbwa wa mifugo, wa shamba na wa kuwinda. Na katika Sura ya Al-Kahf anatajwa mbwa wa wale vijana wa pangoni, aliyelala kizingitini. Basi mbwa na akae nje, awe na chombo chake mwenyewe, na kazi yake aifanye.

Mbwa hubeba mimba siku 63 hivi. Watoto wake huzaliwa vipofu na viziwi. Macho hufunguka kati ya siku ya 10 na ya 14, na masikio hufunguka baadaye kidogo, katika juma la tatu. Katika siku hizo hawawezi kujipasha joto wala kujipoza, kwa hiyo jua kali la Bura laweza kuwaua upesi. Yafaa wapate mahali pakavu penye kivuli cha siku nzima na kinga ya upepo wa usiku. Kivuli cha mathenge si kizuri, kwa maana miiba yake huchoma nyayo na macho. Mama yao naye huhitaji chakula mara mbili au tatu kuliko desturi, na maji wakati wote; mama mwenye njaa hana maziwa.

Tena watoto wa mbwa hupata minyoo kutoka kwa mama yao, tumboni na katika maziwa. Dawa ya minyoo hupewa kuanzia juma la pili, ikarudiwa kila baada ya majuma mawili hata wafikapo miezi mitatu. Mwulize daktari wa mifugo kipimo chake, usikisie.

Sasa nafika kwenye jambo ambalo wengi wetu hatulijui. Kati ya juma la tatu na la kumi na mbili, mtoto wa mbwa hujifunza nani ni ndugu yake na nani ni adui. Mwaka 1961 wataalamu watatu wa Marekani, Freedman, King na Elliot, walitangaza habari za watoto wa mbwa waliolelewa ndani ya ua mrefu, wakipewa chakula pasipo kumwona mtu. Baadhi yao walitolewa wakakaa na watu katika juma la tano au la saba, nao wakazoea vizuri. Lakini wale walioachwa hadi juma la 14 walikuwa kama wanyama wa mwitu. Waliwaogopa watu na kukataa kufungwa kamba. Hawa hawakupigwa wala kunyimwa chakula. Walikosa tu kumjua mtu kwa wakati wake. Ndiyo sababu mbwa wa jalalani, aokotwaye akiwa mkubwa, huwa mgumu kufunzwa.

Basi kila siku, kwa dakika chache, mtoto wa mbwa ashikwe kwa upole. Amwone mwanamke mwenye shungi, mzee mwenye fimbo, na mtoto mdogo aliye pamoja na mtu mzima. Asikie pikipiki, na mashine ya kuvuta maji. Asilazimishwe, akiogopa, mpe nafasi asogee mwenyewe. Wala usimtenge na mama yake kabla ya juma la nane. Akicheza na ndugu zake na kuwauma kwa nguvu, wao hulia na kuacha mchezo. Hivyo hujifunza kuzuia meno yake. Somo hilo baadaye litaokoa mkono wa mtoto wako.

Naye mlinzi wa mbuzi hana budi kuwajua mbuzi katika majuma hayo hayo. Charles Darwin, alipopita Uruguay mwaka 1833, aliona jinsi wafugaji walivyomtenga mtoto wa mbwa na mama yake, wakamnyonyesha kwa kondoo na kumlaza juu ya sufu zizini, hata akawatetea kondoo kama ndugu zake. Mwaka 1981 mtaalamu Hal Black aliandika habari za Wanavajo wa Marekani, ambao mbwa wao walinzi walikuwa mbwa wa kawaida wasio na ukoo maalumu, ila wamekulia pamoja na kondoo na mbuzi. Basi mbwa wetu wa kienyeji anatosha. Mzalishe karibu na zizi, ili watoto wanuse mbuzi tangu mwanzo. Baada ya juma la nane, alale na kula zizini. Akimfukuza mwana-mbuzi kwa mchezo, mkaripie papo hapo. Tena usiwe na haraka: mbwa huwa mlinzi kamili akiwa na umri wa mwaka mmoja na nusu, au miwili.

Mwisho, kichaa cha mbwa. Karibu watu wote wafao kwa ugonjwa huo waliambukizwa na mbwa, na watoto ni sehemu kubwa yao. Dalili zikishaonekana, karibu hakuna aponaye. Mwaka 2014 serikali ya Kenya ilianzisha mpango wa kukomesha vifo hivyo ifikapo mwaka 2030, kwa kuchanja mbwa 70 katika kila 100. Mbwa wako achanjwe afikapo miezi mitatu, kisha kila mwaka. Mtu akiumwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha apelekwe hospitali siku ile ile, hata kama jeraha ni dogo. Mbwa aliyezoea kushikwa tangu utoto huchanjwa bila taabu. Asiyezoea hukimbilia vichakani, na hatari yake hubaki kwetu.

Yule mzee alirudi baada ya majuma manane, akamchukua dume mwekundu. Mbwa huyo sasa ana miezi minane. Bado ni mchezaji, na amekaripiwa zaidi ya mara moja. Lakini amechanjwa, watoto wa nyumbani humwita naye huja, na usiku hulala katikati ya mbuzi. Juzi nilipokutana na mzee njiani, nilimwuliza habari za fisi.

“Fisi yupo, Karani,” akajibu. “Lakini sasa kuna anayemjibu.”

Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo.