Mizinga Imehifadhiwa, Je, Wachukuzi?

Mwanafunzi anayezuru Ngome ya Yesu, Mombasa, huiona mizinga miwili ya vita vya 1914-1918 imewekwa pamoja kana kwamba haikuwahi kuwa ya mahasimu. Mmoja ni wa manowari ya Kijerumani, Königsberg. Wa pili ni wa Pegasus, manowari ya Kiingereza iliyozamishwa na hiyo hiyo Königsberg huko Unguja, tarehe 20 Septemba 1914.

Königsberg nayo iliangamia katika delta ya Rufiji, Julai 1915. Wajerumani wakaiopoa mizinga yake kumi, wakaiundia magurudumu Dar es Salaam, ikapiganishwa nchi kavu. Mmoja ulinguruma Kahe mnamo Machi 1916, siku chache baada ya Waingereza kuitwaa tena Taveta.

Yafaa tujiulize: chuma kizito namna ile kilipitaje nyikani? Wanyama wa kukokota waliangamizwa na mbung'o. Kilichosalia ni kamba na bega la Mwafrika. Mzinga umehifadhiwa, aliyeuvuta hana hata jina. Wachukuzi walikufa kwa makumi ya maelfu, wengi kwa maradhi na njaa, na kumbukumbu yao kubwa imo katika neno tu: Carrier Corps, kikosi cha wachukuzi, kiligeuka kuwa Kariokor ya Nairobi na Kariakoo ya Dar es Salaam.

Ndiyo maana nawageukia walimu wa Mata na wa Taveta nzima. Karibu nanyi upo mlima Salaita, ambako askari wa Afrika Kusini walirudishwa nyuma tarehe 12 Februari 1916. Husimuliwa kwamba jina hilo limetokana na neno la Kiingereza lenye maana ya machinjo. Haielekei. Jina lilikuwamo katika maagizo ya vita kabla ya damu ya siku hiyo kumwagika. Hata Mata, neno ambalo katika Kiswahili cha kale ni wingi wa uta, tusilikatie shauri kwa sababu ya mfanano wa sauti tu.

Wanafunzi na wapewe daftari, wakawaulize wazee asili ya majina ya mahali, na jina la kila babu aliyechukuliwa kubeba mizigo. Ganda la risasi likiokotwa mlimani liachwe pale pale, mahali palipoandikwa, kwani likihamishwa hupoteza nusu ya ushahidi wake. Kazi hii haingoji bajeti, nao wazee waliosimuliwa na baba zao hawatatungoja.