SOMO LA REDIO: HERUFI MBILI ZA KOMPYUTA

Ndugu wanafunzi, shikeni kalamu. Andikeni herufi mbili: T, Z. Ndiyo alama ya Tanzania, na leo ina kazi.

Zamani watu waliita redio simu ya upepo. Wi-Fi nayo ni simu ya upepo, ila ya masafa mafupi. Hupita katika njia zenye namba, na kila serikali hupanga zake. Kwetu kazi hiyo ni ya Mamlaka ya Mawasiliano, iliyoundwa kwa sheria ya mwaka 2003. Marekani hutumia njia ya 1 mpaka ya 11. Nchi nyingi hufika 13. Ya 14 ni ya Japani peke yake.

Basi, kompyuta yenye Linux ikiwashwa Matombo, milimani Uluguru, haijui ipo wapi. Hujiandikia 00, yaani dunia nzima, na kwa adabu ya mgeni husikiliza tu njia ya 12 na 13, haianzi kusema. Ikishaungana na kituo kinachotangaza TZ, hufuata sheria zetu yenyewe, bila kuamriwa.

Lakini tuseme kompyuta ya zahanati ilitumika kwanza Marekani, ikaandikwa US. Kituo kipo njia ya 13. Karani anataka kuagiza dawa. Hakioni, analaumu mlima! Mwambieni aandike: iw reg set TZ. Kisha: iw reg get, asome jibu. Mashine ikizimwa husahau, kwa hiyo fundi aifute US katika faili la mipangilio, aweke TZ.