Mchezo Unapokatika Ghafla: Kutafuta Kiini cha Hitilafu katika Kadi ya Michoro

Mwanafunzi anacheza mchezo wa kompyuta. Ghafla kioo chaganda, chawa cheusi kwa muda mfupi, kisha mchezo watoweka na ujumbe waonekana kuwa programu endeshi ya michoro imeacha kujibu. Wengi huamua papo hapo kwamba kadi imekufa, nao hukimbilia dukani. Uamuzi huo waweza kuwagharimu fedha nyingi bila ya kuondoa tatizo. Katika makala haya tutaeleza ni nini hasa hutokea, na jinsi ya kutafuta kiini cha kosa kwa utaratibu wa kisayansi.

Kazi ya programu endeshi

Mchezo unaoonyesha picha 60 kwa sekunde huipa kompyuta milisekunde zipatazo 17 tu kutengeneza kila picha. Prosesa kuu haiimudu kazi hiyo peke yake, kwa hiyo huikabidhi kadi ya michoro, yenye visehemu vingi mno vya kukokotoa vinavyofanya kazi kwa pamoja. Lakini mchezo haujui lugha ya kila kadi. Mkalimani wao ni programu endeshi, ambayo mafundi huiita draiva: huyapokea maagizo ya mchezo na kuyageuza yawe maagizo ambayo kadi ile inayafahamu.

Mlinzi mwenye saa

Tangu Windows Vista, iliyotolewa kwa umma mwaka 2007, mfumo wa Windows umeiwekea kadi mlinzi. Kadi ikipewa kazi, na sekunde 2 zikapita bila ya kuimaliza wala kuiachia kazi nyingine nafasi, mlinzi huihesabu kuwa imekwama, akaianzisha upya pamoja na draiva yake. Sekunde 2 zaonekana chache, lakini kwa mchezo tulioutaja huo ni muda wa picha 120. Kompyuta hunusurika, bali mchezo, ambao data zake zilikuwamo ndani ya kadi, aghalabu huanguka.

Basi ujumbe ule ni taarifa ya mlinzi aliyemwona mtu amezimia. Si cheti cha daktari kinachotaja ugonjwa. Chanzo chaweza kuwa draiva yenye kasoro, joto, umeme usiotosha, memori mbovu, kadi kuendeshwa kwa kasi kuliko alivyokusudia mtengenezaji, au kosa lililomo katika mchezo wenyewe.

Utaratibu wa uchunguzi

Kanuni ni ile ile ya maabara: badilisha jambo moja tu kwa wakati mmoja, kisha jaribu tena, na kuandika matokeo.

Kwanza, uliza ni lini hitilafu ilianza. Ikiwa ilianza mara baada ya draiva mpya kuwekwa, rudisha ile ya zamani. Vinginevyo, iondoe draiva kabisa, uweke mpya kutoka kwa mtengenezaji wa kadi.

Pili, linganisha michezo. Ukianguka mmoja tu, ushukiwe mchezo huo kwanza. Ikianguka yote, tazama kompyuta.

Tatu, chunguza joto. Mchezo unaoanguka baada ya dakika nyingi, kadi ikiwa imepata moto, huashiria vumbi au feni mbovu.

Nne, ondoa kila ongezeko la kasi. Kisha punguza idadi ya picha kwa sekunde. Hitilafu ikikoma, joto na umeme vyote vyafaa kuchunguzwa, kwani kadi sasa inatumia umeme mchache zaidi.

Wapo wanaoshauri kumwongezea mlinzi muda wake wa sekunde 2. Kufanya hivyo huenda kukaficha dalili tu, na ugonjwa ukabaki.

Fundisho la mwaka 2024

Watumiaji wengi wa prosesa za Intel Core za kizazi cha 13 na cha 14 waliona michezo yao ikianguka kwa ujumbe kwamba memori ya kadi ya michoro imekwisha, hali kadi zao zilikuwa na memori ya kutosha. Kumbe kosa lilikuwa katika prosesa kuu: ilipofungua data zilizobanwa ilitoa majibu yasiyo sahihi. Mwaka huo Intel ilieleza kwamba volteji iliyozidi ilikuwa ikizidhoofisha prosesa hizo. Ilitoa masahihisho ya programu ya ndani na kuongeza dhamana kwa miaka 2. Masahihisho hayo yalikusudiwa kuzuia madhara. Hayakuweza kuiponya prosesa iliyokwisha kuharibika. Aliyenunua kadi mpya kwa kuuamini ujumbe alipoteza fedha zake bure.

Walimu wangeweza kuutumia mfano huu darasani. Wanafunzi wachore jedwali lenye safu tatu: jambo lililobadilishwa, matokeo, na dhana iliyoondolewa. Watajifunza kwamba mahali dalili inapoonekana si lazima pawe ndipo penye chanzo, na kwamba jaribio lililoondoa dhana moja halikupotea bure hata kama mchezo bado unaanguka.