Tembo Wachimbao Chumvi Mlimani Elgon

Mwanafunzi wa fasihi simulizi akisikia kuwa tembo huchimba mgodi, huiweka habari hiyo katika ngano. Hata hivyo, anayeuzunguka Mlima Elgon kutoka Kapsokwony hadi upande wa Kitale atalikuta pango la Kitum, lililoingia mlimani kiasi cha mita 200. Usiku tembo huingia humo wakipapasa njia kwa mikonga, huubandua mwamba kwa pembe, kisha huvisaga vipande kwa magego. Wakitafutacho ni chumvi, maana mvua nyingi huiosha kutoka udongoni na mimea huikosa. Joseph Thomson, aliyefika Elgon mwaka 1883 akakuta watu na mifugo wakiishi mapangoni, alishikilia kuwa mapango hayo yalichimbwa na binadamu wa kale. Hapo mtunga ngano alikuwa msomi!

Wageni wawili, mmoja mwaka 1980 na mwingine 1987, waliugua homa ya Marburg baada ya kulizuru Kitum, wakafariki. Wanaobeba virusi hivyo ni popo walao matunda walalao mapangoni. Tembo hawana hatia, ingawa ujangili wa miaka ya 1980 uliwapunguza mno.