TITI LILILOTENGENEZWA LAHITAJI MLINZI

Saratani ya matiti huwapata wanawake wengi. Nchini Tanzania ni saratani ya pili kwa wanawake, baada ya saratani ya mlango wa kizazi. Mara nyingi daktari hulazimika kuliondoa titi lote ili kuokoa maisha ya mama.

Je, unajua kwamba titi linaweza kutengenezwa upya? Mwaka 1906 daktari Iginio Tansini wa Italia alieleza jinsi ya kufunika kifua kwa ngozi na nyama ya mgongo. Siku hizi madaktari wengi hutumia ngozi na mafuta ya tumbo. Hukata kipande pamoja na mishipa yake ya damu, wakakihamishia kifuani. Huko mishipa hiyo huungwa na mishipa ya kifua. Mishipa yenyewe ni myembamba sana, kama milimita 2 au 3. Daktari huishona akitazama kwa darubini, na uzi wake ni mwembamba kuliko unywele.

Lakini kazi haiishi hapo. Kipande hicho lazima kilindwe.

Damu iingie, damu itoke

Fikiria jaruba la mpunga. Maji yasipoingia, mpunga hukauka. Maji yakizidi na yasipotoka, mpunga huoza. Kipande kilichohamishwa ni hivyo hivyo. Mshipa mmoja huingiza damu, mwingine huitoa. Damu ikiganda katika mshipa mmojawapo, kipande huanza kufa.

Hatari ni kubwa zaidi katika siku 3 za kwanza. Kwa hiyo siku ya kwanza muuguzi hukiangalia kila saa, usiku na mchana. Mama, usiudhike akikuamsha.

Muuguzi huangalia nini?

1. Rangi. Kipande kikipauka, huenda damu haiingii. Kikiwa cha buluu au cheusi kuliko kawaida, huenda damu haitoki. Kwa ngozi nyeusi rangi ni vigumu kuiona. Hivyo muuguzi hutumia taa nzuri, na hulinganisha na ngozi ya tumbo.

2. Joto. Hukigusa kwa mkono. Kikiwa cha baridi, ni dalili mbaya.

3. Kurudi kwa damu. Hukibonyeza kwa kidole, akaachia, akahesabu. Rangi hurudi kwa sekunde 2 au 3. Ikichelewa, damu haiingii vizuri. Ikirudi upesi mno, damu imejaa ndani.

4. Uvimbe. Kipande kikivimba na kukaza, damu imekwama.

5. Sauti. Kuna chombo kidogo ambacho husikiliza damu ikipita mshipani. Sauti ikipotea, daktari huitwa mara moja.

Wakati mwingine damu isipotoka, madaktari hutumia ruba kuifyonza. Hao ni ruba waliofugwa kwa kazi hiyo. Usijaribu kutumia ruba wa mtoni. Wataleta maradhi.

Wewe na jamaa zako mfanye nini?

Kipande hicho hakina hisia kama zamani, maana mishipa ya fahamu imekatwa. Kinaweza kufa bila kuuma. Kwa hiyo usingoje maumivu.

Usikikande kwa maji ya moto, wala usiweke chupa ya moto juu yake. Utaungua bila kujua. Usikilalie. Usivae sidiria ya kubana mpaka daktari aruhusu. Usivute sigara, kwa sababu moshi wake hubana mishipa ya damu. Jamaa nao wasivute karibu nawe.

Ukiona rangi imebadilika, au kipande kimevimba au kimepoa, mwite muuguzi saa ileile. Usiseme, "Nitangoja daktari apite asubuhi." Mgonjwa akirudishwa upesi chumba cha upasuaji, mara nyingi mshipa huzibuliwa na kipande hupona. Akicheleweshwa kwa saa nyingi, kipande hufa, na daktari hana budi kukiondoa.